Ndege Yenye Miguu Mifupi

Mbukwenyi ndugu zangu!

Ukishuka hapa uwanjani Dodoma na ile ndege ya mapangaboi ya Air Tanzania, umepanda ndege iliyorefushwa. Dash 8 ya mwanzo, ya miaka ya 1980, ilikuwa na mita 22 na viti visivyozidi 40. Hii Q400 ina karibu mita 33 na abiria zaidi ya 70. Waliunga vipande mbele na nyuma ya bawa, wakabadili injini, ukoo ukabaki uleule. Sina ugomvi na hilo. Tembe za Kigogo tumeziona zikiongezwa chumba ubavuni: chimbia nguzo, laza magogo, pandisha udongo. Ila ukiidai tembe ikupe ghorofa, zile nguzo hazikusimikwa kwa mzigo huo.

Sasa njooni kwa ndege iliyodaiwa ghorofa. Boeing 737 iliruka mara ya kwanza Aprili 1967, ikiwa na mita 28 na nusu hivi. Ilipewa miguu mifupi makusudi. Viwanja vidogo havikuwa na mitambo ya kupakia, basi wapakiaji waifikie mizigo wakiwa wamesimama chini. Injini zilikuwa nyembamba, feni karibu mita moja, zikakaa chini ya bawa bila taabu. Kwa wakati ule, uamuzi mzuri kabisa.

Kisha feni zikanenepa, maana feni pana husukuma hewa nyingi kwa mafuta machache. Kwenye 737-300, iliyoruka 1984, vifaa vya injini vilihamishiwa ubavuni na kifuniko kikabanwa chini. Itazameni kwa mbele: mdomo wa injini si duara. Kwenye MAX, toleo jipya la 737, feni ilifika mita 1.76, na pa kubana hapakuwepo tena. Mguu wa mbele ukarefushwa sentimita 20 hivi, injini zikasogezwa mbele na juu, na katika hali fulani pua ikawa nyepesi mno kuinuka.

Hapo ndipo cheti, yaani idhini ya muundo wa ndege, kinapoingia. Ndege ikihesabiwa kuwa toleo la ile ya zamani, cheti cha zamani hurekebishwa, na sehemu zisizoguswa zinaweza kubaki chini ya kanuni za zamani. Rubani naye haanzi upya. Hiyo ni pesa: Boeing iliahidi shirika moja la Marekani dola milioni 1 kwa kila ndege endapo mafunzo ya simyuleta, mtambo wa kuigiza urukaji, yangelazimika. MCAS, programu ya MAX ya kusukuma pua chini, haikuelezwa kwenye vitabu vya marubani. Ilisikiliza kihisi kimoja cha pembe ya ndege dhidi ya upepo, na ndege ilikuwa na viwili!

MAX mbili zikaanguka, wote wakafa. Oktoba 29, 2018, Indonesia: watu 189. Machi 10, 2019, Ethiopia: 157. Hii ya pili ilikuwa inakuja Nairobi, na Wakenya 32 walikuwemo. Jirani zetu. Wanangu mnaosomea uhandisi, mkikuta neno “toleo” kwenye makaratasi, ulizeni: nilichobadili kimeelemea kipi ambacho sikukigusa?

MAX ikazuiwa kuruka, na Marekani iliiruhusu tena Novemba 2020. Sasa vihisi viwili hulinganishwa, na marubani hupita simyuleta. Air Tanzania nayo inarusha MAX 9.

Na miguu? MAX 10 ina karibu mita 44, ndefu kiasi kwamba mkia ungegusa lami wakati wa kuinuka. Wahandisi wakaibunia mguu mkuu unaorefuka ndege inapoinua pua, halafu unajikunja ili utoshe kwenye nafasi ileile ya zamani.