Mama yu hai, pesa ya korosho akatoe nani?

HADIJA: Karibuni tena kutoka Mtwara mjini, mvua imegoma, joto ndio limekubali. Mimi Hadija, niko na kaka Selemani.

SELEMANI: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Leo tunaanza na ujumbe wa sauti wa kijana mmoja wa Tandahimba. Mama yake siku hizi anasahau mno. Ana mikorosho, ana akaunti, malipo ya mnada yameshaingia. Mama kafika dirishani, kapewa fomu asaini, kaandika jina la dada yake ambaye ni marehemu.

HADIJA: Maskini!

SELEMANI: Kaambiwa arudie, karudia jina lilelile, tena kwa mwandiko mzuri kabisa. Fomu ikarudishwa. Sasa kijana anauliza: sisi ndugu tumekaa kikao, tumeandika muhtasari, mwenyekiti wa kijiji kagonga muhuri. Mbona benki wameukataa?

HADIJA: Wameukataa kwa sababu huo ni utaratibu wa mirathi, na mama hajafa. Hili huku kwetu tunalichanganya sana. Kikao cha ukoo, muhtasari, mahakama ya mwanzo, msimamizi kuteuliwa, yote hayo ni mambo ya marehemu. Aliye hai hana mirathi, ana mali. Na mali ni yake.

SELEMANI: Hata kama hajui leo ni Jumatatu?

HADIJA: Hata kama hajui. Benki haimpi mtu pesa ya mama yake kwa kuwa tu ni mama yake. Na ukifikiri vizuri, ndivyo utakavyotaka na wewe ukizeeka.

SELEMANI: Kwa wanangu ninavyowajua? Wasipewe hata senti! (wanacheka)

HADIJA: Ila kabla ya benki na mahakama, hospitali kwanza. Aliye Mtwara ana Ligula na ile ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, wa Lindi wana Sokoine, wa Masasi Ndanda hapo. Siyo kila usahaulifu ni ule usiotibika. Mzee anaweza kuchanganyikiwa kwa maambukizi ya mkojo, kwa upungufu wa vitamini B12, kwa tezi ya shingo, kwa sonona, hata kwa dawa anazomeza. Kuna aliyeanguka akagonga kichwa, damu ikajikusanya polepole, nyumbani wanasema uzee.

SELEMANI: Au wanasema kachezewa, karogwa.

HADIJA: Hapo ndipo mwaka unapotea. Na hata kama ugonjwa wenyewe hauna tiba, maandishi ya daktari utayahitaji. Mahakama haitachukua neno lako wewe mtoto kwamba mama hajiwezi.

SELEMANI: Mitandaoni nasikia dawa yake ni hati ya uwakilishi. Mzazi anasaini mbele ya wakili, mtoto anafanya kila kitu.

HADIJA: Wanaosema hivyo wengi wamesoma mambo ya Uingereza. Kule ipo hati iliyotungiwa sheria mahsusi, iendelee kufanya kazi hata mwenyewe akishapoteza uwezo wa kuamua. Ya kwetu siyo hiyo. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inasema uwakala unakoma aliyekutuma akifa, au akili yake ikiharibika.

SELEMANI: Ngoja kwanza. Yaani karatasi inakufa siku ileile ninapoihitaji?

HADIJA: Ndivyo. Inakusaidia mama akiwa miguu haimbebi lakini kichwa kizima. Kichwa kikienda, na hati imekwenda. Anayeendelea kuitumia anajitafutia kesi.

SELEMANI: Basi ina faida gani kuwahi?

HADIJA: Kubwa sana! Akiwa bado anaelewa anaandika wosia, na RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanautunza. Anafungua akaunti ya pamoja na mtoto anayemwamini. Anasema mwenyewe shamba lipi limepimwa, lipi lina hati ya kimila, lipi mpaka wake ni mwembe tu. Halafu sheria hiyohiyo ya mikataba ina kipengele mimi nakipenda: mtu ambaye akili yake huwa haitulii, lakini kuna nyakati inatulia, anaweza kuingia mkataba katika nyakati hizo. Wazee wengi asubuhi wako sawa, jua likizama wanaanza kuuliza kwao ni wapi. Basi wakili mwite asubuhi, na daktari amwone siku hizohizo, aandike.

SELEMANI: Upande wa pili nao upo. Jioni mtu anakuja na karatasi na kidau cha wino, bibi anaweka dole gumba, kesho ekari za mikorosho zimeuzwa.

HADIJA: Mkataba huo hausimami, kama ukithibitisha kwamba wakati ule hakuelewa anachokifanya. Kuthibitisha ndio shughuli.

SELEMANI: Sasa yule ambaye ameshachelewa?

HADIJA: Mahakamani. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu ndugu kuomba ateuliwe mtu wa kusimamia mali za mgonjwa. Unakwenda na maandishi ya daktari na orodha ya mali. Ukiteuliwa hujawa mwenye mali, unatunza tu, na hesabu unaweza kudaiwa. Asiye na pesa ya wakili atafute wasaidizi wa kisheria, wanatambuliwa kwa sheria ya 2017, na msaada wao ni bure.

SELEMANI: Na mjomba je? Maana huku kwetu, Mmakonde, Mmakua, Myao, Mmwera, ukimruka mjomba umetangaza vita.

HADIJA: Mjomba aitwe mapema, kabla ya kufungua maombi. Hana saini benki, lakini akipinga mahakamani utazunguka miaka. Akikubali, shahidi bora kuliko yeye utamtoa wapi? Anamjua dada yake tangu utoto.

SELEMANI: Tumjibu kijana. Wiki hii afanye nini?

HADIJA: Ampeleke mama hospitali. Aende benki na barua, aombe wamjibu kwa barua wanataka nini. Anunue daftari. Kila shilingi ya mama iandikwe: dawa, vibarua wa palizi, salfa ya mikorosho, pamoja na stakabadhi za chama cha msingi cha ushirika. Ile simu ya mama yenye pesa, namba ya siri isizunguke kwa wajukuu na bodaboda. Na kitu kimoja asikifanye: asiende chama cha msingi kubadilisha akaunti ili malipo ya mnada ujao yaingie kwake.

SELEMANI: Karani atamwambia ni rahisi tu.

HADIJA: Ni rahisi kweli. Ila wadogo zake wakiona jina lake kwenye malipo, hata kama pesa yote ameitumia kwa mama, atawaambia nini?

SELEMANI: Nimepata ujumbe mwingine hapa, wa Nachingwea, baba mstaafu kakwama kwenye uhakiki wa pensheni. Huo tutauchukua wiki ijayo.