Desemba 2015: baridi ilipogoma kuja Uingereza

Mwangaluka Tabora, mwakeye Kigoma! Mnaodhani Desemba ya huku ni theluji tu, leo tuuchambue mwezi mmoja uliokwenda kinyume: Desemba 2015.

Kumbukumbu ya joto la England ya kati imeandikwa tangu mwaka 1659. Desemba ya kawaida pale huwa na wastani wa nyuzi joto 4.7 hivi. Mwaka ule ilifika 9.7, wakati rekodi ya zamani ilikuwa 8.1, ya 1934 na 1974. Msizidharau nyuzi tano. Kwa siku moja ni kitu cha kawaida kabisa, ila wastani wa mwezi mzima ukipanda hivyo, jueni siku za kuushusha karibu hazikuwepo. Aprili ya kawaida ilipitwa!

Mchawi ni upepo. Ukitoka kaskazini au mashariki, watu wanaganda. Desemba 2010 wastani ulikuwa chini ya sifuri, −0.7. Mwaka 2015 upepo wa kusini-magharibi ulishikilia karibu mwezi wote, ukileta hewa ya vuguvugu yenye unyevu kutoka Atlantiki. Juu yake mawingu yakazuia joto la mchana lisitoroke usiku. Watu wa Tabora mnalijua hili: usiku wa Julai usio na wingu unatetemesha, ule wa Januari wenye wingu zito wala haushuki sana.

Sasa hewa hiyo ikigonga milima ya Cumbria, kaskazini-magharibi mwa England, inapanda, inapoa, inamwaga maji. Dhoruba iliyoitwa Desmond ilipopita, Honister Pass, njia inayokatiza milima hiyo, palipimwa mvua ya milimita 341.4 kwa saa 24 kufikia jioni ya tarehe 5, rekodi ya Uingereza. Tabora kwa mwaka mzima hupata kama 900 na kitu, piga hesabu mwenyewe. Mji wa Carlisle, huko huko Cumbria, ukafurika. Lakini kusini-mashariki mvua haikuwa ya kushangaza, kwa hiyo mtu akikwambia nchi nzima ilizama, muulize upande gani.

Na masika yenu je, ni ya ajabu kweli au maneno ya kijiweni? Pimeni. Tafuta chombo ambacho kuta zake zimenyooka, mdomo na kitako upana mmoja. Chupa yenye shingo inadanganya. Kiweke uwanjani, mbali na mwembe au ukuta angalau mara mbili ya urefu wake. Soma kina cha maji kila siku saa tatu asubuhi, andika hata kama ni sifuri, kisha mwaga. Milimita moja ni lita moja kwenye mita moja ya mraba. Kipimajoto kikae kivulini penye hewa, mita moja na nusu hivi toka ardhini, kisiegemee bati. Chukua joto la juu na la chini la siku, jumlisha, gawa kwa mbili. Mwisho wa mwezi tafuta wastani wa siku zote.

Wengi wanakosea kwenye kulinganisha. Usilinganishe na mwaka jana, maana huenda mwaka jana ndio uliokuwa kichaa. Chukua wastani wa miaka 30 wa kituo cha hali ya hewa kilicho karibu nawe. Ukiruka asubuhi moja, usibuni namba: andika kwamba kipimo kinachofuata ni cha siku mbili, na ujue kiko pungufu kidogo, maana jua limeshakunywa sehemu yake.