Filamu iliyopigwa Kenya ndiyo iliyonifikisha kwa Mozart

Assalaam alaykum jamaa zangu wa Unguja na Pemba, na nyote mnaonifuatilia. Leo sizungumzii baridi wala kodi za nyumba za huku Manchester. Wengi mmeniuliza ule muziki wa video iliyopita ni wa nani.

Ni wa Mozart, mtunzi wa zamani wa Ulaya. Nimeukuta kwenye filamu, Out of Africa ya 1985. Niliiangalia kwa kuwa imepigwa Kenya, na mtu ukiwa mbali hata kuiona ardhi ya kwetu Afrika Mashariki tu kunapoza moyo. Mara ikaingia klarineti, zumari ile ya kizungu, taratibu, nikaacha kufuata hadithi nikawa naifuata sauti. Ni konchato, yaani muziki wa ala moja inayoongoza na okestra inayoipokea, na Mozart aliitunga 1791, mwaka ule ule aliofariki, naye ana miaka 35 tu.

Ninachokipenda ni kipande cha pili cha konchato hiyo. Klarineti inatangulia, fidla zinakwenda chini chini bila kushindana nayo. Ikimaliza, okestra nzima inaidaka sauti ile ile na kuirudia, kama waitikiaji wanavyompokea mwimbaji.

Kisha bibi yangu akafariki, Wete. Mnajua sisi hatulazi maiti: simu nimeipata asubuhi, alasiri keshazikwa. Nilisoma Yasin, nikamuombea dua, na hayo yana pahala pake, hayashikwi na muziki. Lakini usiku ulipoingia, nyumba kimya, hakuna wa kuja kukaa matanga nami, nikakiweka kile kipande. Kuna pahala katikati klarineti inashuka chini kabisa, inasita, halafu inairudia sauti ya mwanzo kwa upole. Hapo ndipo machozi yaliponitoka, na nikapata usingizi.

Najua kuna atakayesema, muziki hauna hata neno moja, unakuliwaza vipi? Basi na bashraf, ule muziki wa taarab wa ala tupu, je? Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja, ipo tangu 1905, na bashraf zake haziimbwi. Ganuni, udi na fidla vinasema vyenyewe, na watu wanatulia kusikiliza. Fidla na selo, ile fidla kubwa, za taarab ni hizi hizi za okestra za huku. Kwa hiyo mtu akiniambia huu ni muziki wa wazungu tu, mimi simkubalii hata kidogo. Sikio la Mzanzibari limeshafunzwa kusubiri ala imalize neno lake, na hicho ndicho kitu kikubwa kinachotakiwa hapa.

Haya, leo usiku watoto wakishalala, vaeni hedifoni. Msitegemee spika ya simu, sauti za chini zote zinapotea. Tafuteni Mozart, konchato ya klarineti, kipande cha pili, hakifiki hata dakika kumi. Kisha niandikieni hapo chini mmesikia nini, na mwenye bashraf ya zamani iliyorikodiwa vizuri anitumie, tafadhalini.