Kurudi kwenye Milango Ileile: Mgombea wa Chama Kidogo na Bunge la Jimbo Marekani

Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokosa viti mkasimama huko nyuma, nawashukuru. Niliombwa nizungumzie vyama vidogo vya Marekani, nami nikaomba niipunguze mada. Sitagusa sana urais. Kila baada ya miaka minne redio zetu zinautangaza mpaka watoto wanayajua majina ya wagombea. Mtu akiuliza habari za chama cha tatu, anatajiwa fulani aliyepata asilimia moja au mbili, na mazungumzo yanaishia hapo. Nataka tushuke chini, kwenye mabunge ya majimbo, maana huko mtu wa chama kidogo anaweza kushinda kweli. Na niseme mapema ninachokiamini. Wapo wanaogombea mara nne, mara tano, wakaambulia uchovu, na wapo waliogombea mara hizohizo wakaacha chama kimesimama. Ukiwatazama kwa makini, tofauti yao haiko katika mara walizoanguka. Iko katika mahali walipokwenda baada ya kuanguka.

Kwanza neno moja la lugha. Sisi Watanzania anakotoka mbunge tunakuita jimbo, na Vermont au New York nazo tunaziita majimbo. Tutachanganyana. Leo jimbo ni Vermont, ni New York. Anakotoka mjumbe nitaazima neno la ndugu zetu Wakenya: eneobunge.

Kura 59. Mwaka 1994 David Zuckerman, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Vermont, aligombea Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo akaanguka kwa kura 59. Hebu wahesabuni watu 59. Wanaenea kwenye basi moja la mkoani. Kijana wa umri ule angeweza kuondoka kwa hasira, au kwenda kuomba nafasi katika chama kikubwa. Alirudi mwaka 1996 akapita, mtu wa Progressive, chama cha tatu cha Vermont. Alikaa katika baraza lile hadi 2011, baadaye akaingia Seneti ya jimbo, na mwaka 2017 akaapishwa kuwa makamu wa gavana.

Lakini shamba lile lilishalimwa kabla yake, na aliyelilima kwanza alianza kwa kulima mahali pasipofaa. Bernie Sanders mnamjua wote kwa kampeni zake za urais. Miaka ya sabini alikuwa mtu wa chama kidogo kiitwacho Liberty Union. Aligombea useneta wa Marekani mwanzoni mwa 1972, akagombea ugavana mwishoni mwa mwaka uleule, useneta tena 1974, ugavana tena 1976. Mara zote nne eneo lake la kampeni lilikuwa jimbo zima la Vermont, na mara zote nne hakufika hata asilimia 7. Mwaka 1977 akakiacha chama. Kisha Machi 1981 akashuka: akagombea umeya wa mji mmoja, Burlington, dhidi ya meya aliyekuwa madarakani kwa miaka mingi, akashinda kwa kura 10. Kumi! Siku hiyohiyo Terry Bouricius, mtu wa chama kidogo, akaingia baraza la mji. Mwaka 1990 Bouricius na mwenzake Tom Smith wakachaguliwa kutoka Burlington kwenda bunge la jimbo. Tazameni mpangilio wake: mji kwanza, mitaa ileile, watu walewale wanaokuona sokoni na kwenye kituo cha basi, ndipo bunge. Miaka tisa ya kugonga milango ileile.

Kwa nini iliwezekana Vermont na haiwezekani California? Watu hukimbilia kusema kwamba watu wa Vermont wana mawazo tofauti. Mimi nawaomba tufanye hesabu ya miguu. Baraza la Wawakilishi la Vermont lina wajumbe 150, na sensa ya 2020 ilihesabu watu 643,077. Mjumbe mmoja kwa watu kama 4,300. Kwa wastani wa familia za kule, hizo ni nyumba zisizofika elfu mbili. Mgombea akitoka jioni baada ya kazi na kubisha hodi nyumba thelathini, kwa muda wa miezi mitatu hivi amezimaliza zote, na bado Jumapili amepumzika. Hahitaji televisheni wala mfadhili. Anahitaji viatu. New Hampshire wanazidi hapo: wajumbe 400, mmoja kwa watu kama 3,400, na posho ya mjumbe ni dola 100 kwa mwaka, kiwango kilichoandikwa katika katiba ya jimbo tangu 1889. Miaka ya mwanzo ya tisini Chama cha Libertarian, nacho chama kidogo, kilikuwa na wajumbe wanne mle ndani.

Sasa nendeni California. Watu milioni 39 na nusu, na Bunge la chini lina viti 80. Eneobunge moja lina karibu watu 494,000. Miguu gani itawafikia? Juu ya hayo, mwaka 2010 wapiga kura wa California walipitisha utaratibu wa awamu mbili: katika mchujo, yaani uchaguzi wa awali, wanasimama wote, na Novemba wanabaki wawili tu, hata kama wote wawili ni wa chama kimoja. Chama kidogo ambacho zamani kilikuwa na jina kwenye karatasi ya kura ya Novemba, siku watu wanapojitokeza kwa wingi, sasa kwa kawaida kinaishia kwenye mchujo.

Na kwetu? Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, na wakati huo maeneobunge yalikuwa 264. Gawanyeni wenyewe. Ni zaidi ya watu 230,000 kwa mbunge mmoja, na wengine wanaishi vijiji ambavyo masika hata pikipiki haifiki. Tena kwetu, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Marekani, anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye anayechukua kiti. Wa pili harudi na chochote. Halafu Tanzania mgombea lazima adhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka jambo hilo mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha, na Juni 2013 majaji walisema kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Wakenya walishalifungua mlango huo katika katiba yao ya 2010. Nalitaja kwa sababu najua wapo humu wanaofikiria kuchukua fomu, na sipendi waondoke wakidhani Vermont na Kilombero ni mamoja.

Turudi. Mnamo 2020, Wyoming, mfanyakazi wa reli aitwaye Marshall Burt wa Chama cha Libertarian alimwangusha mjumbe wa Democratic aliyekaa kitini miaka mingi. Republican hawakuweka mgombea. Hilo nalo ni somo: chama cha tatu mara nyingi kinashinda pale ambapo, kwa kweli, ni cha pili. Mkubwa mmoja ameacha uwanja wazi, na aliyekuwa akizunguka mitaani muda wote ndiye anayeonekana. Mwaka 2022 Republican waliweka mtu wao, na Burt akaanguka.

Alaska kuna mfano unaonihuzunisha. Andre Marrou, Libertarian, aligombea bunge la jimbo 1982 akaanguka, akarudi 1984 akapita, 1986 akaanguka tena. Mtu aliyekwisha kuonyesha kwamba akirudi anapita! Lakini baada ya hapo alipanda juu: mgombea mwenza wa urais 1988, na 1992 mgombea urais mwenyewe. Kura zake za urais zilikuwa kama 290,000, kutoka kwa watu zaidi ya milioni 104 waliopiga kura. Naheshimu ujasiri wake. Ila kiti cha Alaska hakikurudi, na mimi kiti kile nakithamini kuliko zile kura 290,000 zilizotawanyika bara zima, huku mia mbili hapa, hamsini kule.

Mtaniuliza: wakubwa wanakaa kimya tu wakimtazama huyu anayerudi? Hawakai kimya. Nimeliacha hili la mwisho makusudi, maana ndilo lililonifanya nianze kuyasoma mambo haya.

New York, mwaka 1920. Siku zile wajumbe wa Bunge la chini la New York walichaguliwa kila mwaka, kwa hiyo kila Novemba mgombea alikuwa mlangoni kwa watu. Chama cha Kisoshalisti kilikuwa na nguvu katika mitaa ya wahamiaji, washona nguo wa Manhattan, Brooklyn na Bronx. Uchaguzi wa 1917 kilipeleka bungeni wajumbe kumi. Mmoja wao alikuwa Louis Waldman, mzaliwa wa Ukraine aliyefika Amerika akiwa kijana na kufanya kazi ya ushonaji. Mwaka uliofuata Democratic na Republican, mahasimu wa miaka nenda rudi, waliungana katika maeneobunge hayo wakaweka mgombea mmoja, na Waldman akaanguka. Novemba 1919 akarudi, akapita. Safari hii walipita watano: Waldman, August Claessens, Charles Solomon, Samuel DeWitt na Samuel Orr.

Tarehe 7 Januari 1920 bunge likafunguliwa Albany, makao makuu ya jimbo. Watano wale waliapa kama wenzao wote, wakakaa kwenye viti vyao, kazi ikaanza. Baada ya muda Spika Thaddeus Sweet akamwamuru mpambe wa bunge awalete watano hao mbele. Wakapelekwa mpaka chini ya meza ya Spika, wakasimama pale huku wajumbe wengine wote wamekaa wanawatazama, wakasomewa kwamba chama kilichowaleta ni adui wa maslahi ya jimbo. Bunge likapiga kura kuwasimamisha, nao wakatolewa ukumbini. Waliotetea haki yao ya kukaa mle ndani hawakuwa wasoshalisti peke yao. Charles Evans Hughes, gavana wa zamani na mgombea urais wa Republican wa 1916, chama kilekile cha Spika, alisimama hadharani kuwatetea. Gavana Al Smith wa Democratic naye alipinga. Haikusaidia. Tarehe 1 Aprili, baada ya miezi ya kuhojiwa, watano wote wakafukuzwa.

Gavana akaitisha uchaguzi mdogo, Septemba 16. Vyama viwili vikubwa vikaungana tena dhidi yao. Na wale washona nguo, watu ambao wajumbe wao walikuwa wameambiwa hawafai kukaa na watu, wakatoka wakapiga kura. Watano wote wakarudi. Wote! Mimi nikifika hapa huwa nasimama kidogo, kwa sababu nadhani ushindi ule haukupatikana katika zile wiki chache za kampeni. Ulikuwa umepatikana miaka iliyotangulia, ngazi kwa ngazi katika yale majengo marefu, ghorofa ya tano, ghorofa ya sita, kwa watu waliokwisha kuzijua sura za wagombea wao na waliokwisha kuwaona wakianguka na kurudi.

Waldman mwenyewe baadaye alipanda. Aligombea ugavana wa New York mwaka 1928, akarudia 1930 na 1932, na hakuukaribia.

Lakini hiyo Septemba alikuwa bado wa mtaa wake. Siku chache baada ya uchaguzi watano wale walifika tena Albany na vyeti vyao vya ushindi. Bunge likapiga kura upya. Waldman, Claessens na Solomon wakafukuzwa mara ya pili. Orr na DeWitt wakaambiwa wao wanaruhusiwa, wakae. Viti vyao vilikuwa pale, na posho ipo. Wakakataa kukaa bila wenzao. Wakajiuzulu palepale, wakatoka ukumbini wakiwafuata wale watatu.