Kusoma Maji Kabla ya Kufunga Safari: Matembezi ya Likizo na Familia, Lamu

Asalaam aleikum, kina mama, kina baba, na vijana mliosimama kule barazani. Sogeeni, nafasi ipo.

Likizo ya Desemba ikikaribia, swali la kila nyumba huwa moja: Jumapili twende wapi? Jibu hutoka papo hapo. Takwa, kwenye magofu ya kisiwani Manda. Shela, ufuoni. Manda Toto, kisiwani. Makosa huanzia hapo, kwa sababu siku imeshafungwa, mahali pameshachaguliwa, na maji hayakuulizwa. Mwisho wake mwaujua: mashua imelala juu ya tope katikati ya mikoko, jua la saa saba, watoto wanalia, nahodha ameegemea mlingoti asema tungoje maji. Kungoja huko si mchezo. Ukikwama masaa mawili baada ya maji kujaa, utaelea tena masaa mawili kabla ya kujaa kwengine. Toka kujaa hadi kujaa ni masaa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo piga hesabu: masaa manane na zaidi juu ya tope.

Kwa hivyo leo sitawaambia wapi ni pazuri. Hilo kila mtu ana lake. Nitawaambia namna ya kupanga: siku kwanza, halafu maji ndiyo yawachagulie mahali.

Anzeni na tarehe ya mwezi wa Kiislamu, ile iliyo kwenye kalenda ya msikitini. Mwezi ukiwa mpevu, na tena ukiandama, ni bamvua: tarehe 13 hadi 17, na 28 hadi 2. Siku hizo maji hupwa sana na kujaa sana, tofauti yake katika pwani yetu hufika mita 3 na kupita. Na kuna jambo ambalo wavuvi hawahitaji kuambiwa lakini sisi wa madukani na maofisini twalisahau: huku kwetu, maji ya bamvua hupwa kwenye saa nne, saa tano asubuhi hivi, yakajaa saa kumi, saa kumi na moja jioni. Daima. Bamvua halijaribu kujaa saa nne asubuhi. Maji mafu, yale ya tarehe 8 na 9, na 22 na 23, ni kinyume chake: hujaa asubuhi au karibu na adhuhuri, na tofauti kati ya kujaa na kupwa ni kama mita moja tu. Baina ya hapo, kila siku saa ya maji husogea mbele, kwa wastani dakika 50. Jedwali la maji lipo hata kwenye simu. Litazameni kwa dakika zenyewe. Lakini mwenye kuijua tarehe ya mwezi hulisoma jedwali akiwa tayari ana jibu, na akiona jedwali lasema bamvua limejaa saa tano asubuhi, hujua kwamba ametazama jedwali la nchi nyengine.

Jambo la pili ni mwendo. Maji hayapwi sawasawa. Gawanya tofauti yote mafungu 12. Saa ya kwanza huondoka fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua la mita 3, saa ya kwanza zimeondoka sentimita 25, na mtu asema bado maji mengi, tule kwanza. Katika saa ya tatu peke yake huondoka sentimita 75. Ndiyo maana watu hukwama huku wakiapa kwamba walipotazama maji yalikuwapo. Ni kweli yalikuwapo.

Sasa tuingie Takwa, kwa sababu ndiyo safari inayoharibika zaidi. Ule mkono wa bahari unaoingia Manda kupitia mikokoni hupitika maji yakiwa mengi tu, na kule mwisho mashua haifiki ukutani, mtashuka mtembee. Kanuni ni kuingia maji yakijaa, yakiwa yamepita nusu, na kuwa mmeshatoka kabla hayajarudi nusu. Hapo mna kama masaa manne hadi matano kwa jumla. Sasa rudini kwenye mwezi. Tarehe ya bamvua, maji yajaa saa kumi jioni. Mkiingia saa nane mtatoka magharibi inaadhini, na watoto gizani mikokoni pamoja na mbu. Siku za Takwa ni tarehe 9 hadi 11, na 24 hadi 26, maji yanapojaa kati ya saa sita na saa nane mchana. Tokeni mjini saa tatu au saa nne kulingana na siku. Mkutano wa kurudi uwe kwenye mashua, si kwenye magofu, na uwe saa moja na nusu baada ya maji kujaa. Nahodha aiseme saa hiyo kwa sauti, watu wote waisikie, mpaka na yule mjomba anayependa kulala chini ya mbuyu.

Mkifika, msiwaburute watoto kutazama kila ukuta. Waonyesheni mambo machache: msikiti mkuu na nguzo iliyo juu ya ukuta wake wa kibla, kaburi la nguzo nje ya ukuta wa mji, na milango ya nyumba jinsi mingi inavyoelekea kaskazini, ambako ndiko kibla chetu kilipo. Mji ule uliachwa katika karne ya 17, na watu wa Shela hadi leo huhesabu asili yao huko na huenda kwenye kaburi lile kuomba mvua. Mtoto wa Lamu akishalijua hilo, hapandi juu ya kaburi kupigwa picha. Ukivuka upande wa pili kwa miguu unatokea bahari kuu. Pafaa kwa kutazama; kuoga na watoto, la.

Mkiwa na Jumapili ya bamvua, basi nendeni Shela. Asubuhi maji yamepwa, ufuo umetanuka, watoto wacheze mpira hadi wachoke. Ule mchanga waenda kama kilomita 12, hautawaishia. Kutoka mjini hadi Shela kwa miguu ni kilomita 3, yapata dakika 45, na mtoto mdogo mkononi fanyeni saa nzima. Lakini jioni ile njia ya ufuoni maji yameila mahali pengi, kwa hiyo pangeni mashua ya kurudia tangu asubuhi. Wakati wa kuoga ni maji yakijaa, kuanzia saa sita hivi, si yakipwa. Pale kona ya Shela, mlango wa bahari kati ya Lamu na Manda hutoa maji mengi ya ndani kwenda nje, na maji yakipwa mkondo humvuta mtu kuelekea bahari kuu. Mtu mzima anayejua kuogelea akivutwa asishindane nao. Akate kwa ubavu kuelekea ufuo mpaka autoke. Mtoto hawezi kukata. Maji ya kifuu ni bahari ya chungu: yanayokufika wewe gotini humfika wa miaka mitatu kifuani, na wimbi dogo lamtosha. Mtu mzima mmoja kwa kila watoto wawili, amesimama majini upande wa bahari, watoto baina yake na nchi kavu. Akiwa amekaa juu ya mkeka na simu, huyo si mlinzi.

Na vile vilima vya mchanga, msiwafundishe watoto kuvichimba wala kuacha taka. Maji matamu tunayokunywa mjini yamehifadhiwa chini ya mchanga ule.

Manda Toto ni safari ya kutwa na ya msimu. Kaskazi, Desemba hadi Machi, maji husafika na matumbawe huonekana. Kusi la Agosti, bahari ya nje ina mawimbi na maji yamevurugika. Likizo ya Agosti msiende kutafuta samaki wa rangi. Njia ya kupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, nayo yataka maji. Muulizeni nahodha maswali mawili: Mkanda utapita saa ngapi kwenda, na saa ngapi kurudi? Akijibu la kwanza tu, tafuteni mwengine.

Wenye jamaa Malindi, hesabu yenu hugeuka. Hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, matumbawe yake hutazamwa vizuri maji yakipwa, kwa hiyo zile siku za bamvua zinazoharibu Takwa ndizo za Malindi: saa tatu muwe mashuani, saa nne juu ya miamba. Isipokuwa mvua ikiwa imenyesha bara, kwani Mto Sabaki hushusha matope na bahari huwa nyekundu. Siku kama hiyo, au kusi likivuma, pelekeni watoto Gede. Magofu yapo ndani ya msitu, kivuli tele, na tangu 2024 yamo katika orodha ya urithi wa dunia. Maji ya Sabaki yenyewe yatazameni kwa mbali. Mna viboko na mamba.

Nije kwenye chombo. Kabla mtoto hajapanda, mzazi achungulie: nanga na kamba yake, makasia au upondo hata kama kuna mashine, upo wa kufulia maji, na jaketi za kuokoa maisha kwa idadi ya watu, si idadi ya wageni. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto. Mfungie, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi: likipanda hadi masikioni, majini atachomoka. Linalomfaa lina mkanda wa kupita baina ya miguu. Mkienda kwa tanga, watoto wakae chini, katikati, mbali na demani, ile kamba ya tanga. Nahodha akipiga bisho tanga hugeuka, na kamba ile humchapa mtu kabla hajaisikia.

Mavazi. Hapa nasema waziwazi kwa kina mama, na wasiopenda wanisamehe. Buibui na dera havifai majini. Vikilowa huwa vizito, huzunguka miguu, na anayemkimbilia mtoto huanguka yeye. Suruali nyepesi, shati refu la mikono mirefu na mtandio uliofungwa nyuma vyatosha kwa stara na kwa jua pia. Watoto nao wavae fulana majini, kwa maana mgongo ndio unaoungua. Kati ya saa nne na saa tisa mchanga wa Shela hurudisha jua usoni, hata aliye chini ya mwavuli huungua. Viatu vya mpira vyenye mkanda nyuma. Ndara hubaki topeni.

Chakula. Wali wa nazi na mchuzi wa nazi viacheni nyumbani. Nazi huchacha upesi, na wali uliopikwa usiku ukafungiwa moto kwenye bakuli la plastiki ni ugonjwa wa tumbo ulio njiani. Kwenye joto la kaskazi chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje zaidi ya saa moja au mbili. Bebeni vikavu: mkate wa mofa, mahamri, samaki wa kukaanga aliyekauka na kukamuliwa ndimu, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, viazi karai vilivyopoa kabla ya kufunikwa, maembe mazima na kisu. Achari mbali kwenye chupa. Maji ya kunywa lita 3 kwa mtu mzima, 2 kwa mtoto, na nusu ya chupa zigandishwe usiku. Zitapoza samaki, mayai na viazi asubuhi na kunywewa mchana. Soda haihesabiwi. Takwa hakuna duka.

Yaliyobaki ni ya kuchomwa. Kwenye maji ya mchanga, buruteni miguu badala ya kuinyanyua: samaki taa aliyejifukia husikia akaondoka, lakini akikanyagwa hupiga mkia. Akishapiga, tieni mguu kwenye maji moto kadiri mtu anavyovumilia, si ya kuchemka, dakika 30 hadi 90, mkiongeza kila yakipoa. Ajaribu joto kwanza mtu asiyeumwa, kwa mkono wake, maana aliyepigwa hatambui kwamba anaungua. Thamosi mliyobeba kwa chai ndiyo dawa. Kwa hiyo beba mbili. Yule mdudu mweusi wa miambani mwenye miiba mirefu, naye ni maji moto. Miiba inayoonekana ng'oeni kwa kibanio, iliyozama msiichimbe kwa sindano. Yavuyavu, yule mdudu laini wa baharini anayewasha, likigusa mwili, suuzeni kwa maji ya bahari, si ya chupa, na msisugue kwa mchanga. Mtoto akivimba uso au akipumua kwa shida, acheni yote, mashua irudi.

Nasikia swali la nyuma: na kama maji yamekwisha tuacha? Basi msishuke kuisukuma mashua na watoto ndani. Tieni nanga ili isichukuliwe na maji yakirudi, tandazeni tanga liwe kivuli, gawanyeni maji ya kunywa kwa kikombe, na pigeni simu nyumbani mseme mtarudi saa ngapi. Saa hiyo mnaijua sasa.