Maji Meupe Kwenye Kichupa

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nawashukuru wenyeji wetu wa hapa Paje, na nyinyi mliotoka Jambiani na Bwejuu na jua lote hili.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii nilitunza bwawa la kuogelea la nyumba moja ya wageni. Asubuhi nikachota maji, nikatia dawa ya kupimia klorini, maji yakabaki meupe pe. Nikajua klorini imekwisha, nikaongeza. Jioni nikapima, meupe vilevile, nikaongeza tena. Kesho yake watoto wawili wakatoka majini macho mekundu, wanalia. Mpaka leo sipendi kuikumbuka siku ile.

Klorini haikuwa imekwisha. Ilikuwa nyingi mno! Ile dawa ya kupimia, inaitwa DPD, hugeuka waridi ikikutana na klorini, lakini klorini ikizidi sana, tuseme miligramu 10 kwa lita na kwenda juu, huifuta ile rangi. Ukikodoa macho pale unapoitia, utaona uwaridi unapita mara moja kisha unapotea. Ukiuona, usiguse ndoo ya klorini. Chukua sehemu moja ya maji ya bwawa, changanya na sehemu nne za maji ya kunywa ya chupa, pima upya, halafu zidisha jibu kwa 5. Tunachokitaka ni kati ya 1 na 3.

Klorini hiyohiyo huharibu na kipimo cha pH, yaani cha ukali wa asidi ya maji: pH ikipanda, asidi imepungua. Ile dawa nyekundu inakwenda zambarau, mtu anadhani pH imepanda, anamimina asidi bure. Kwa hiyo klorini ipimwe kwanza. Na visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yamejaa chokaa, pH huku kweli hupenda kupanda. Ndiyo maana kosa hili hatulishuku: linafanana na ukweli tunaoujua.

Kuchota nako kuna adabu yake. Usichote juu juu, wala karibu na tundu linalorudisha maji ya pampu. Zamisha mkono hadi kwenye kiwiko, kichupa kikiwa kimeinamishwa mdomo chini, ndipo ukigeuze. Kwanza kisuuze kwa maji ya bwawa lenyewe. Kifunike kwa kifuniko chake, si kwa kidole. Jasho na mafuta ya kujipaka hubadilisha jibu. Chupa ya matone ishikwe wima, maana ukiilaza matone hayalingani. Rangi uisome kivulini, nyuma pana kitu cheupe, na miwani ya jua uivue.

Wanaotumia vikaratasi vya kupimia, vidole viwe vikavu kabla ya kugusa mkebe. Unyevu wa masika ukiingia mle, mkebe mzima umekwenda.

Lakini linaloniuma zaidi ni kibanda cha pampu. Mabati juu, joto kama tanuri, na ndani yake dawa za kupimia zimepangwa pamoja na ndoo za klorini. Dawa hizo zinakufa mle hata kama tarehe yake haijafika. Ziwekeni ndani ya nyumba, mahali pa baridi na giza, mbali na kemikali.

Sasa chukueni vichupa, twendeni bwawani. Kila mmoja apime mara mbili maji yaleyale. Atakayepata majibu mawili tofauti aniite, tutazame pamoja mkono wake ulipokwenda.