Bei ya Kijana: Durant, Lillard, Flagg na Maluach katika Usajili wa NBA, Agosti 2025

DADA: Karibuni tena, wapenzi wa mpira wa kikapu. Pilikapilika za usajili zimepoa, na yale makubwa tunayajua: Kevin Durant ametoka Phoenix na sasa yuko Houston, Damian Lillard amerudi Portland, Myles Turner amehamia Milwaukee, na Dallas, iliyokuwa na asilimia 1.8 tu ya kushinda bahati nasibu ya drafti, yaani zoezi la timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, imejipatia chipukizi Cooper Flagg. Kaka, umekuwa ukishikilia kwamba Houston ndiyo iliyofanya usajili bora kuliko timu zote. Leo utetee msimamo huo mbele ya wasikilizaji, kwa sababu mimi bado sijashawishika.

KAKA: Nautetea bila kusita, dada. Houston ilishinda michezo 52 msimu uliopita, ikashika nafasi ya pili katika Kanda ya Magharibi, kisha ikatolewa na Golden State katika raundi ya kwanza ya mtoano, kwa michezo saba. Kila aliyefuatilia mfululizo ule aliliona tatizo: dakika za mwisho, wapinzani walipoziba njia ya kuelekea kikapuni, hapakuwa na mtu wa kukabidhiwa mpira na kuachiwa atafute pointi mwenyewe. Jalen Green alifunga pointi 38 katika mchezo wa pili, tukasema sasa ameiva, halafu akayeyuka, na wastani wake wa mfululizo mzima ukaishia pointi 13.3. Durant anaelekea kutimiza miaka 37, lakini ametoka katika msimu wa wastani wa pointi 26.6. Ukimtoa Green, Dillon Brooks, chaguo la kumi la drafti na machaguo matano ya raundi ya pili, ukampata mtu wa namna hiyo, basi umelamba dume.

DADA: Hiyo ni hesabu ya siku ya kusaini tu. Green ana miaka 23, na mfungaji wa umri huo hata akiwa na kigeugeu bado ana misimu mingi ya kutulia, ilhali Durant kila msimu ni kama unamkopa kutoka kwa mwili wake. Usisahau kwamba mwaka 2019 kano yake ya kisigino ilikatika katika fainali, akakosa msimu mzima uliofuata. Amerejea vizuri kuliko tulivyotarajia, hilo nalikubali, lakini timu inayojengwa na vijana inapomleta mkongwe inabadilisha saa yake ya ukutani. Jana ilikuwa na miaka mitano ya kukua. Leo ina miwili ya kutwaa ubingwa.

KAKA: Hapo ndipo tunapotofautiana, kwa sababu Houston haikuwatoa vijana wake wa thamani. Amen Thompson, aliyechaguliwa wa nne mwaka 2023 na mwaka huu akaingia katika kikosi cha kwanza cha ulinzi cha ligi, bado yupo. Alperen Şengün, chaguo la 16 la mwaka 2021, amecheza mchezo wa nyota wote mwaka huu, naye yupo. Jabari Smith na Reed Sheppard wapo. Wamemwachia yule ambaye walikwisha kumkatia tamaa, kisha wakaongeza Dorian Finney-Smith na kumrudisha Clint Capela. Durant akichoka baada ya miaka miwili, Thompson atakuwa na miaka 24. Nionyeshe hasara iko wapi.

DADA: Hasara itaonekana kwenye daftari la mishahara, na hili naomba tulieleze taratibu, maana bila kulielewa huwezi kuelewa usajili wowote wa kiangazi hiki. Kikomo cha mishahara kwa msimu wa 2025-26 ni takriban dola milioni 154.6, lakini timu zinaruhusiwa kukivuka kwa njia mbalimbali, hasa zinapowabakiza wachezaji wao wenyewe. Mkataba wa pamoja wa mwaka 2023 kati ya ligi na wachezaji uliweka kizingiti cha juu kabisa, ambacho mashabiki tumezoea kukiita kizingiti cha pili, na msimu huu kipo karibu dola milioni 207.8. Ukikivuka, adhabu si fedha peke yake. Huruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja mkubwa, unanyimwa ile nafasi maalumu ya kumsajili mchezaji huru wa kiwango cha kati, na chaguo lako la raundi ya kwanza la miaka saba mbele linafungiwa usiweze kuliuza. Tajiri anayesema atalipa kodi yoyote anajikuta fedha anazo, lakini mikono imefungwa.

KAKA: Boston ndiyo mfano ulio wazi. Mabingwa wa mwaka 2024, mwaka mmoja tu baadaye, wanampeleka Jrue Holiday Portland na Kristaps Porziņģis Atlanta. Kuumia kwa Jayson Tatum kuliharakisha uamuzi, lakini hata angekuwa mzima, hesabu zile zisingewaruhusu waendelee na kikosi kile kile.

DADA: Sasa rudi Houston. Mkataba mpya wa Şengün ni wa dola milioni 185 kwa miaka mitano, na wa Smith ni wa dola milioni 122 kwa miaka mitano kuanzia msimu wa 2026-27. Thompson naye zamu yake inakuja. Katika mazingira haya, mchezaji anayeleta kazi ya dola milioni 40 akiwa bado analipwa ujira wa mkataba wake wa kwanza ndiye mali kubwa kuliko zote, na mali hiyo ina tarehe ya kuisha. Ukimweka mkongwe wa mshahara mkubwa juu yao, unaila akiba ile kabla haijakuzalia. Huo ndio msingi wa wasiwasi wangu, wala simdharau Durant.

KAKA: Nakuelewa, ila nami nageuza hoja yako hiyo hiyo. Kama ujira nafuu wa vijana una tarehe ya kuisha, wakati wa kumleta mkongwe ni sasa, kabla tarehe hiyo haijafika. Oklahoma City walifanya hivyo hivyo. Baada ya kushinda michezo 22 na kisha 24 katika misimu miwili ya kujijenga, walikuwa na Chet Holmgren na Jalen Williams kwenye mikataba ya kwanza, na kiangazi cha 2024 wakamtoa Josh Giddey wakampata Alex Caruso, kisha wakamsajili Isaiah Hartenstein kwa dola milioni 87 kwa miaka mitatu. Hao wawili hawakuwa nyota, lakini walijua cha kufanya mpira ukiwa mbali nao. Matokeo yakawa ushindi wa michezo 68 na kombe.

DADA: Mfano wako unanisaidia mimi, kaka. Oklahoma City waliongeza wakongwe wa kufanya kazi ngumu, hawakuongeza mfungaji mkuu wa kuwachukulia vijana mpira. Sheppard, uliyemtaja hapo juu, alichaguliwa wa tatu mwaka 2024 na mwaka wake wa kwanza alikaa benchi sana. Atajifunza lini kuongoza mashambulizi iwapo Durant na Fred VanVleet wako uwanjani?

KAKA: Atajifunza mazoezini, na atajifunza Durant atakapopumzishwa, maana katika umri ule lazima apumzishwe. Lakini tusonge mbele, kwa sababu kuna uamuzi ulionishangaza kuliko huo.

DADA: Milwaukee.

KAKA: Milwaukee. Wasikilizaji, tazameni mlolongo wenyewe. Lillard anaumia kano ya kisigino mwezi Aprili. Alikuwa bado anadai takriban dola milioni 113 za misimu miwili. Klabu ikamwacha, ikayasambaza malipo hayo katika miaka mitano, kwa hiyo hadi msimu wa 2029-30 itakuwa ikibeba karibu dola milioni 22.5 kila mwaka kwa mtu ambaye amevaa jezi ya Portland. Nafasi iliyopatikana ikatumika kumchukua Turner, senta aliyekaa Indiana miaka kumi na ambaye alikuwa ametoka tu kucheza fainali.

DADA: Na yote hayo ni kwa ajili ya Giannis Antetokounmpo asiondoke. Mimi silaumu sana. Ukiwa na mchezaji wa aina ile, unafanya lolote ili keshokutwa asiombe kuhama. Kinachonisumbua ni kwamba Milwaukee imekwisha kuyatoa machaguo yake mengi ya drafti, hivyo haina kijana wa kumsubiri, na sasa haina hata nafasi ya kukosea. Turner anafaa pale: anazuia mitupo, anapiga pointi tatu, anamwachia Giannis njia. Aliyeniuma ni Indiana. Tyrese Haliburton anakatika kano katika mchezo wa saba wa fainali, na siku chache baadaye senta wako anaondoka bila wewe kupata chochote.

KAKA: Portland nao wamemrudisha Lillard kwa dola milioni 42 kwa miaka mitatu wakijua msimu huu hatarajiwi kucheza. Huo ni usajili wa moyo, na sina neno baya la kusema juu yake. Hebu tuende kwa chipukizi, maana naona unawashwa kumzungumzia Flagg.

DADA: Nawashwa kweli. Michezo yake ya kwanza ya ligi ya kiangazi kule Las Vegas ilinifundisha namna tunavyohukumu haraka. Mchezo wa kwanza dhidi ya Lakers alifunga mitupo 5 kati ya 21, pointi 10, na watu wakaanza kuuliza maswali. Siku mbili baadaye, dhidi ya San Antonio, alifunga pointi 31, na wale wale wakanyamaza. Dallas ikampumzisha, basi. Mimi katika ule mchezo mbaya niliangalia mambo mengine: alikuwa na ribaundi 6, yaani mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa, na asisti 4, yaani pasi za kufungisha, na hata mitupo ilipokuwa ikigoma, aliendelea kurudi kukaba kwa nguvu ile ile. Mfungaji wa kawaida mwenye miaka 18 akikosa mara nyingi hivyo huinamisha kichwa na ulinzi unakufa. Huyu hakuinamisha.

KAKA: Naafiki kuhusu Flagg, na pia amefikia mahali pazuri, kwa sababu Anthony Davis na wenzake watamfichia mapungufu. Lakini nina ugomvi na neno uwezo, ambalo mashabiki tunalitumia kama hundi isiyo na kiasi. Mwaka 2013 Cleveland ilimchukua Anthony Bennett wa kwanza. Mwaka 2003 Detroit ilimchukua Darko Miličić wa pili, ikawaacha Carmelo Anthony, Chris Bosh na Dwyane Wade. Kila mmoja aliambiwa ana uwezo.

DADA: Na Giannis alikuwa wa 15 katika drafti hiyo hiyo ya Bennett, na Nikola Jokić alikuwa wa 41 mwaka uliofuata. Ndiyo maana nasema uwezo hauko kwenye mwili wa kijana peke yake. Uko pia katika dakika anazopewa na aina ya wenzake. Shai Gilgeous-Alexander, nyota wa Oklahoma City, alichaguliwa wa 11 mwaka 2018, na Clippers wakamtoa kwenda huko baada ya msimu mmoja ili wampate Paul George. Hawakuwa wajinga, walikuwa na haraka. Mmoja kati ya vijana waliochukuliwa baadaye kwa machaguo waliyoyatoa Clippers ni Jalen Williams, yule yule wa kombe la mwaka huu.

KAKA: Basi tumtazame Khaman Maluach kwa kipimo chako hicho. Nakiri ninampenda kwa sababu zilizo nje ya uwanja: ni wa Sudan Kusini, alikulia Uganda, akapitia akademia ya NBA kule Senegal, na akiwa na miaka 17 alikuwa kwenye kikosi cha Olimpiki cha Paris, kile kilichokuwa kimefungwa na Marekani kwa pointi moja tu, 101 kwa 100, katika mchezo wa kujipima nguvu London. Lile chaguo la kumi lililotoka Houston ndilo lililomfikisha Phoenix, kwa hiyo naye ni sehemu ya bei ya Durant. Lakini nusu fainali ya vyuo dhidi ya Chuo Kikuu cha Houston ilinitia shaka. Duke, chuo chake, walikuwa mbele kwa pointi 14, wakapoteza 70 kwa 67, na Maluach, mwenye urefu wa takriban mita 2.18, alicheza dakika 21 bila kushika ribaundi hata moja.

DADA: Niliuona, na niliurudia kuutazama. Hakuwa mvivu, alikuwa akisukumwa. Wale wakubwa wa chuo cha Houston waliingiza makalio chini ya magoti yake kabla mpira haujagonga chuma, na kijana aliyeanza mchezo huu kwa kuchelewa bado hajui kuitafuta sehemu yake ya kusimama mapema. Hilo hufundishika. Kisichofundishika ni namna anavyobadilisha mitupo ya watu bila hata kuigusa. Wasiwasi wangu ni Phoenix yenyewe. Usiku wa drafti walimleta pia Mark Williams kutoka Charlotte, senta mwingine kijana. Wamemlipa Bradley Beal aondoke, na malipo yake yatawabana kwa miaka mitano. Timu iliyobanwa hivyo ina kila sababu ya kuwa na subira, ila Devin Booker ana miaka 28 na hatataka kusubiri.

KAKA: Kwa hiyo msimu huu unataka kuona nini kwake? Usiniambie dakika 30 kwa mchezo.

DADA: Hapana. Dakika 15 zinatosha, hata nyingine akizipata katika ligi ya maendeleo. Nataka kuona kama ifikapo Februari atakuwa amepunguza makosa ya kuruka mapema, na kama atakuwa anaweka mgongo wake kwa mpinzani kabla ya mtupo.

KAKA: Mimi nataka ribaundi, dada. Mambo ya mgongo mtayajadili na kocha wake.